Kompyuta ya Brigitte Iliyobaki Madhabahuni

Mimi Jocelyne sina moyo wa Brigitte. Ningekuwa yeye, ningepiga kelele siku ileile, kanisa zima linisikie, halafu wanifukuze wakitaka.

Brigitte ni mtarizi, mtu wa Lubumbashi kama mimi, na pale Turffontein, ugenini, tulipopanga vyumba, tulitenganishwa na ukuta tu. Chumbani mwake kulikuwa na mashine ya kutarizi na kompyuta ya mezani, kubwa, nzito, nyeupe iliyogeuka njano. Usiicheke. Nyuma ilikuwa na tundu pana la pini tisa, na humo ndimo ulimoingia waya mnene wa mashine. Kila asubuhi Brigitte alikaza skrubu mbili za waya ule kwa ukucha wa kidole gumba, kisha akaiwasha kompyuta. Programu ya kutarizi ilijifungua yenyewe na kuitafuta mashine. Ikiikosa, iliandika kwa herufi kubwa nyekundu kwamba mashine haijaunganishwa. Ikiipata, alichora ua au ndege kwenye kioo, akabonyeza, na sindano ikaanza kukimbia. Kwa sindano hiyo alimlea Hénock peke yake, akamsomesha, hadi kijana akapata kazi ya ofisini Randburg.

Alipoipata hiyo kazi, Hénock akaanza kuionea aibu kompyuta ya mama yake.

Mwaka 2017 kanisa letu lilikuwa linatimiza miaka kumi. Akina mama tulikubaliana kuvaa sare yenye njiwa kifuani, na kazi akapewa Brigitte. Njiwa alishamchora, yumo ndani ya kompyuta, anasubiri vitambaa tu. Nilimwona mwenyewe yule njiwa. Alikuwa mzuri.

Sasa, kanisani kwetu kuna Jumapili ya Shukrani. Watoto wanawapelekea wazazi zawadi mbele ya watu, na anayepewa kipya anakiacha cha zamani madhabahuni, kiwe mali ya kanisa. Siku hiyo Hénock akapita katikati na katoni iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Nyuma yake vijana wawili wamebeba ile kompyuta ya njano. Alikuwa ameitoa nyumbani wakati mama yake yuko kwenye mazoezi ya kwaya.

"Ma, leo unapumzika, unaachana na hii scrap ya zamani!" akasema kwenye maikrofoni. Kanisa likalipuka kwa vigelegele.

Brigitte angefanya nini? Alifanya kama mama yeyote wa kwetu: akaweka katoni kichwani akacheza nayo. Mchungaji akaziombea kompyuta zote mbili. Nilimwona Brigitte akigeuka mara kwa mara kuitazama ile ya zamani.

Nyumbani akaifungua ile mpya. Nyembamba, nyeusi, inapendeza. Akaigeuza, akaipapasa mgongoni kwa vidole, akaipapasa tena.

"Mutoto wangu, haina tundu ya kamba ya mashine."

"Eish, Ma, hiyo tundu hawatengenezi tena. Utazoea."

"Na mashine nayo itazoea?"

Hénock akaenda mjini kununua kiunganishi cha waya ule. Taa yake iliwaka, basi. Kompyuta mpya iliikataa programu ya zamani, na njiwa alikuwa amebaki kanisani.

Brigitte akaenda kwa Murielle, mke wa mchungaji, nami nikamsindikiza.

"Maman Brigitte, kitu ya madhabahu hairudi," Murielle akasema. "Tukikurudishia wewe, kesho kila mutu atakuja kuchukua sadaka yake."

"Basi muniache nilete mashine huku, hata siku mbili."

"Kanisa haiko atelier ya kushona, Maman."

Nilimkuta Hénock getini nikamwambia uso kwa uso: "Ulikata mukono ya mama yako, ukaitoa sadaka."

"Tantine, watu wote walishaona nimemupa," akajibu. "Nikienda kuomba ile ya kale, watasema nini?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba zawadi ile hakumpa mama yake. Aliwapa watu waliokuwa wakipiga vigelegele.

Kazi ya sare ikapelekwa kwenye duka moja la mjini. Brigitte akabaki kupunguza suruali za watu na kubadilisha zipu. Siku ya sherehe alikaa pembeni yangu na sare yake, kifuani ana njiwa wa watu wengine, mnene kama kuku. Alikuwa amelipia kama sisi sote.

Kompyuta yake siku hizi ndiyo inayorusha maneno ya nyimbo ukutani, na msimamizi wake ni Hénock. Basi siku hiyo ya sherehe tukasimama kuimba. Akaiwasha. Ukuta ukaangaza, na kabla ya wimbo zikatokea zile herufi nyekundu, kubwa kama milango: mashine haijaunganishwa.

Vijana wakacheka. Hénock akazifunga haraka, kwaya ikaanza.

Nikamtazama Brigitte. Alikuwa anaimba. Lakini mkono wake ulikuwa chini, kwenye sketi, na ukucha wa kidole gumba ulikuwa unazunguka polepole, unakaza skrubu ambayo haipo.