Mkanda Uliokuwa Ukirefuka Kila Mwezi

Kuna watu katika mkoa huu wa Songwe ambao hawajamwona daktari tangu wazaliwe, lakini besi yangu, gitaa la nyuzi nne, ilikuwa na kliniki yake ya kila mwezi. Jumatatu ya mwisho wa mwezi naibeba mgongoni kama mtoto mwenye surua, navuka barabara kuu ya Tunduma katikati ya malori yaliyopanga foleni hadi karibu na mwisho wa dunia, naikabidhi kwa fundi. Alhamisi jioni naifuata. Nimefanya hivyo miaka miwili na nusu. Hata mke wangu hajapimwa mara nyingi hivyo, naye amezaa mara tatu.

Fundi mwenyewe alikuwa rafiki yangu, na sisemi rafiki wa kupungiana mikono. Tulikaa dawati moja shule ya jioni, wanaume wawili wenye ndevu, magoti yakigonga mbao kwa chini kwa sababu dawati lilikuwa la watoto wa darasa la tatu. Yeye alinivusha Fizikia, mimi nikamvusha Kiswahili na Historia. Bila mimi mpaka leo angeamini watu wa Maji Maji walikuwa wanagombea kisima. Nilipooa, yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wangu. Tangu siku hiyo hajaniita jina. Ni "bwana harusi" tu, hata mbele ya wateja wangu wa mahindi, hata msibani.

Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio, simu na chochote chenye waya. Siku nilipomletea besi hiyo, mtoto wa shangazi yangu akiwa ameinunulia Lusaka na kunivushia, aliipokea kwa mikono miwili, akaifuta kwa shati lake mwenyewe.

"Bwana harusi, besi ni kama gari," akasema. "Usipoipeleka sevisi itakuachia njiani. Na Tunduma hii, asubuhi baridi, mchana jua, katikati vumbi na moshi wa malori! Shingo inapinda. Hii ni ya kila mwezi."

"Kila mwezi kabisa?"

"Wewe unaoga mara ngapi?"

Nikacheka, nikakubali. Malipo alikataa. Soda moja, basi. Mimi kupiga besi nilijifunza ukubwani, kwa masikio tu, kanisani. Kama angeniambia besi inapaswa kunyweshwa uji ningeuliza wa mtama au wa mahindi.

Sasa, ajabu ya kliniki ile ni kwamba mgonjwa wakati mwingine alirudi akiwa na hali mbaya kuliko alivyokwenda. Kuna miezi nyuzi zilikuwa sawa. Kuna miezi zilikuwa zimeinuliwa juu ya shingo kiasi kwamba panya mwenye mimba angepita chini yake bila kuinama. Kukandamiza noti moja ilikuwa kama kufunga mlango wa lori. Nikizilegeza kidogo zinakoroma, nikizikaza vidole vinawaka moto.

Kitu kingine kilikuwa mkanda. Mimi ni mfupi. Ukiniona nimesimama unaweza kuniambia nisimame. Fundi ni mrefu, nguzo ya umeme iliyojifunza kutembea. Kila Alhamisi nikivaa besi ilinishukia hadi magotini, mkanda umelegezwa matundu matatu. Navuta matundu matatu, naendelea na maisha. Nilidhani ni lazima aijaribu akiwa amesimama.

Nikamlalamikia kuhusu nyuzi.

"Haziko juu," akasema, bila kuinua macho kwenye redio aliyokuwa ameipasua. "Ni mkono wako, bwana harusi. Una mkono mzito. Huo ni mkono wa kubebea magunia."

Hilo liliniingia, maana nilianza maisha kwa kubeba magunia. Niliwahi kupakia semi-treila nzima peke yangu, nikabaki na nguvu za kuisukuma hadi Vwawa. Basi nikaamini. Nikawa nakaa nyuma ya nyumba kila siku nikifanya mazoezi ya kulainisha mkono, mpaka ncha za vidole zikawa kwato za mbuzi. Mke wangu alisema nikimshika bega anasikia kama amekwaruzwa na msasa.

Kanisani mambo yakaharibika. Mwalimu wetu wa kwaya, mwanamume mpole anayekasirika kwa kunong'ona, aliniita pembeni baada ya ibada moja ambayo besi ilikoroma kuanzia ubeti wa kwanza hadi baraka.

"Kaka," akanong'ona, "mwezi wa saba tunakwenda Vwawa kwenye mkutano wa kwaya. Ikikoroma tena, besi itapigwa kwenye kinanda, mkono wa kushoto. Wewe tutakupa kayamba."

Sina ugomvi na kayamba. Lakini mama yangu huko milimani Ileje alikuwa ameshatangazia kijiji kizima kwamba mwanawe ndiye anayepiga ile sauti inayosikika tumboni, na alikuwa ameahidi kuja Vwawa kuisikia. Nikifikiria anavyofika, anatafuta besi kwa macho, anakutana na kayamba, nilikosa hamu hata ya ugali. Kwangu hiyo ni dalili ya kifo.

Wiki mbili kabla ya mkutano tulitembelewa na kwaya ya Nakonde, upande wa pili wa mpaka. Mpiga besi wao alikuwa mama mtu mzima, mtoto mgongoni, kitenge kimefungwa kwa nguvu. Besi yake aliiacha kwao ili asisumbuliwe mpakani, akaomba yangu. Alipiga wimbo mmoja, akasimama, akaitazama kama mtu aliyeonja mboga akakuta haina chumvi.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, mama."

"Awe, mukwai." Akatikisa kichwa: hapana, bwana, kwa lugha ya kwao. "Hii imewekwa kwa mtu mwingine. Mtu anayepiga kwa nguvu, mkono mrefu. Nani mwingine anaipiga?"

"Hakuna. Inakwenda kwa fundi tu, kila mwezi. Shingo inapinda."

"Kila mwezi!" Akamwita mwenzake aje asikie. "Huyu baba anapeleka besi kwa fundi kila mwezi! Inaumwa kifafa?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao, nani angejua nacheka nini. Kisha akatoa kwenye pochi alenki, ile spana ndogo yenye umbo la L, akafungua kifuniko cha kichwani ambako huwa kuna skrubu ya chuma kinachonyoosha shingo. Chini ya kifuniko palikuwa na nta ya kiwandani, ngumu, nyeupe, safi kabisa.

"Hapa hajagusa mtu," akasema. "Tangu itengenezwe." Akanionyesha sasa skrubu ndogo za upande wa pili, zinazopandisha na kushusha nyuzi. Zilikuwa zimelika mpaka zinang'aa. "Hapa kuna mtu anapandisha, anashusha, anapandisha, anashusha. Yangu mimi naishika mara mbili kwa mwaka. Mvua zikianza, na baridi ikiingia. Na nikibadilisha nyuzi. Basi. Shingo ni mbao, mukwai, si simu ya kuchaji."

Nilimshukuru. Halafu, nasema ukweli, nikamtetea fundi moyoni njia nzima hadi nyumbani. Nikasema huyu mama anajua nini kuhusu vumbi la Tunduma. Mtu aliyeshika pete yangu ya ndoa mfukoni mwake asubuhi nzima, akiigusa kila dakika isipotee, hawezi kunidanganya. Jumatatu ya mwisho wa mwezi nikaipeleka besi kama kawaida, tena nikamwambia ni kwa ajili ya Vwawa, kwamba safari hii nisipopiga vizuri naingia kwenye kayamba, na mama yangu anakuja.

"Niachie mimi, bwana harusi," akasema. Alinishika bega.

Jumatano sikuvumilia, nikaenda kuchungulia. Kibanda kimefungwa. Dada anayeuza vitenge pembeni akanishangaa.

"Si yuko Igamba, mazoezini? Kila mwezi anakwenda. Wanajiandaa na Vwawa, kwaya ya kwao. Kumbe hujui? Mbona anapiga gitaa la hatari!"

Nikapanda gari hadi Mlowo, nikamalizia kwa bodaboda, nikamwambia dereva akimbie na akakimbia mpaka nywele zangu zikatangulia. Nilisikia kabla sijaona. Besi yako unaijua kama kikohozi cha mwanao. Ilikuwa inatoka katika kanisa dogo katikati ya mashamba ya kahawa, nzito, imetulia, inatembea chini ya sauti za watu kama mtu mwenye haki na njia. Sijawahi kuitoa sauti hiyo hata siku moja. Nikasimama dirishani. Nguzo ya umeme ilikuwa imefumba macho, mkanda umeshuka matundu matatu.

Miaka yote ile sikujua kama anajua kupiga. Hajawahi kuniambia.

Walipopumzika akaniona. Alitoka nje na besi yangu bado shingoni.

"Bwana harusi! Nilikuwa naijaribu."

"Igamba?"

"Unajua... spika za huku..." Akajaribu kucheka, akaacha.

"Kwa nini hukuniomba?"

"Ningeomba ungesema nini? Besi ya kwaya yenu, ipigwe kwaya nyingine?"

"Ningesema chukua."

Alijua ni kweli. Hilo ndilo lililomfanya aangalie chini. Nilimkabidhi mtu huyu madaftari yangu yote ya Historia kabla sijayasoma mwenyewe.

"Na mkono wangu mzito?" nikauliza.

Ndani walikuwa wanamwita.

"Mkono wako hauna shida," akasema. "Mimi napenda nyuzi ziwe juu. Wakati mwingine nilikuwa nasahau kuzishusha. Ulipouliza... ningekuambia nini?"

Hapo ndipo paliponiuma, na panauma mpaka leo. Besi ni ubao na nyuzi nne. Lakini alinitazama nikijiona mzembe, nikikwaruza vidole nyuma ya nyumba, akajua, na kila mwezi akaniambia nirudi. Juzi tu nilimweleza habari ya kayamba na mama yangu, akanishika bega.

"Jumamosi sisi tunaimba wa tatu," akasema taratibu. "Ninyi wa tisa. Nikimaliza nakupa papo hapo. Nazishusha mbele yako. Bwana harusi, nakuomba."

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniomba. Nikanyoosha mkono. Akavua mkanda kichwani polepole, akanipa.

Alenki ya kununua nilipata Vwawa siku hiyohiyo, mjini. Nyuzi nilizishusha mwenyewe, kidogokidogo, nikijaribu, nikisikiliza, usingizi wa siku tatu nikaumalizia hapo. Ikatii kama mwanakondoo.

Jumamosi kwaya ya Igamba ikaimba ya tatu, bila besi. Walijitahidi. Yeye alisimama safu ya nyuma, mrefu kuliko wote, hana pa kuweka mikono. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili wa ukumbi, besi magotini, mkanda nimeushona kwa uzi wa viatu kwenye tundu langu. Hakuangalia upande wangu na mimi nilijifanya nasoma ratiba, niliisoma labda mara mia nne.

Tukapiga. Haikukoroma hata mara moja. Mama yangu alisimama kabla wimbo haujaisha, akageukia watu asiowajua akijishika tumbo kuwaonyesha inaposikika.

Tulipotoka mwalimu wa kwaya alinikimbilia, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona.

"Kaka! Besi leo imetulia! Huyo fundi wako mwambie asante, na usimwache, unasikia? Kila mwezi uipeleke."

Nikamwambia ndiyo, mwalimu.