Waya Nilioufunga Kinyume Kamenu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la redio na spika mjini Thika, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Alinipa wembe na vipande viwili vya waya, akaniambia, "Nekesa, kwaruza."

Nikakwaruza. Kipande kimoja kilibaki chekundu hadi ndani. Cha pili kilitoa weupe chini ya ule wekundu.

"Huo mweupe ni alumini iliyopakwa shaba," akasema. "Mtu akiomba shaba, mpe shaba. Na usimuuzie waya mnene kama kidole wakati spika ziko hatua nne tu kutoka kwa mashine."

Fundi Mkuu alikuwa mzee kutoka mtaa wa Majengo, mtu wa swala tano, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Karibu kila kitu ninachojua kilitoka kwake. Kwa sebule ya kawaida, alinifundisha, ule waya wa shaba wa nyuzi mbili unaouzwa kwa mita katika maduka ya umeme unatosha kabisa. Spika zikiwa mbali, labda chumba cha pili, ndipo uongeze unene, kwa sababu waya mrefu na mwembamba hula nguvu njiani. Pesa unayookoa, weka kwenye spika zenyewe.

Baada ya miaka michache nilihamishiwa tawi la Ruiru, chini ya Meneja wa Mauzo. Alikuwa mtu mchangamfu, na ndiye aliyenifundisha kumwacha mteja amalize kusema kabla sijafungua mdomo. Hilo namshukuru hadi leo. Ila alipenda mno waya wa bei kali kutoka nje, ule unaokaa ndani ya boksi la kupendeza.

Ndipo akaja mwalimu mmoja mstaafu kutoka Kamenu. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na Mwalimu alibaki na kanda moja ya kwaya ya kanisa lao, mama huyo akiimba mbele. Alitaka kuisikia vizuri. Akanunua deki ya kanda, amplifaya, yaani mashine ya kukuza sauti, na spika mbili, nami nikaenda kumfungia kwa waya wa kawaida wa shaba. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nilihakikisha tu kwamba spika zote mbili zinalia, nikaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi dukani.

"Binti yangu, mke wangu amekuwa mbali," akaniambia. "Kwenye redio yangu ya zamani nilimsikia hapa mbele yangu. Sasa ni kama anaimba kwa jirani. Ama kanda imeharibika?"

Meneja alidakia. "Ni waya, Mwalimu. Tulikufungia ule wa bei rahisi. Chukua huu."

Mwalimu alikuwa ameshaanza kupapasa mfuko wa koti. Lakini maneno yake yalikuwa yamenionyesha kosa lilipo.

"Ngoja, Mwalimu," nikasema. "Nafikiri kosa ni langu. Twende nikaangalie kwanza."

"Nekesa," Meneja akasema polepole, "ukitoka na huyu mteja, kesho usirudi."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nilisimama pale nikiwafikiria. Kisha nikachukua mkoba wangu.

Nyumbani kwake Kamenu nilivuta kabati lenye mashine na spika, nikatazama nyuma yake. Waya wa spika una nyuzi mbili, na mmoja huwa na mstari. Wenye mstari unaenda kwenye tundu jekundu, upande wa mashine na upande wa spika pia. Kwenye spika ya kushoto nilikuwa nimeuweka kwenye tundu jeusi. Kwa hiyo spika moja ilisukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zikafifia, na sauti ya katikati ikakosa pa kusimama.

Nikazibadilisha zile nyuzi, nikawasha kanda. Yule mama akaimba katikati ya spika zile mbili, wazi, kama amesimama mbele ya kabati.

Mwalimu alivua kofia. "Ni yeye," akasema. "Hata anavyovuta pumzi."

Tulikaa tukasikiliza upande wote wa kanda.

Asubuhi yake, kabla sijajua nitawaambia nini watoto, Fundi Mkuu alinipigia simu. Mwalimu, niliyekuwa nimemtajia Fundi njiani, alikuwa amefika mapema duka la Thika, akamweleza yote.

"Ulifunga kinyume?"

"Ndiyo, Fundi. Nisamehe."

"Na ulimwambia mwenyewe kwamba ni wewe?"

"Ndiyo."

"Basi rudi Thika, mama. Hapa nina kazi yako."

Nilikaa naye hadi alipostaafu, nikashika nafasi yake hadi nilipostaafu mimi.

Sasa naishi Juja. Wanafunzi majirani zangu hununua spika za mitumba na kuniuliza mimi nyanya yao, "Shosho, tununue waya gani?" Nawaambia wapime umbali kwa kamba na waongeze kidogo kwa ajili ya kona. Wakwaruze kabla ya kulipa. Wafuate mstari. Na wakimaliza kufunga, wakae chini wasikilize wimbo mzima.

Kazi hii haikunipa jumba wala gari. Ilinipeleka sebuleni kwa watu wengi, nikapiga magoti nyuma ya makochi yao, nikaona vumbi lao na picha za watu wao, na karibu wote wakaniwekea chai mezani. Niliinywa yote. Namshukuru Mungu kwa kila kikombe.