Nguo za Bomba

Mwezi uliopita bomba la jikoni kwangu, hapa Moshi mjini, lilipasuka. Niliporudi kutoka kazini maji yalikuwa yameshafika sebuleni, na kandambili ya mwanangu inaelea karibu na kochi. Fundi alikuja, akabadilisha kiungio, akanywa chai, akaondoka. Mimi nikabaki na tambara nikikausha sakafu, na katikati ya kukausha nikajikuta nacheka peke yangu. Bomba likipasuka popote, mimi humkumbuka bibi yangu mzaa baba, na ng'ombe wake.

Wewe uliyekulia joto la chini, Chekereni huko kwenye mpunga, hutaniamini nikikwambia kwamba kwa bibi maji yaliganda kwenye bomba. Sisemi kileleni wanakopanda watalii. Nasema nyumbani kabisa, juu ya Sanya Juu, migomba inapokaribia kukutana na msitu. Haikuwa kila mwaka. Lakini Julai ikiamua kuwa mbaya, uliamka ukakuta nyasi za uani zimekuwa nyeupe, na ukizikanyaga zinalia kama unatafuna bisi. Maji yetu yalishuka kutoka chemchemi ya msituni kwa bomba jeusi la plastiki. Karibu lote lilifukiwa ardhini, ila nyuma ya banda la ng'ombe kulikuwa na mwamba ambao jembe halikuweza kuuingia, kwa hiyo hapo lilipita juu ya jiwe, wazi. Baridi nayo ilipajua hapo hapo.

Basi masika yakiisha tu, bibi alilivisha bomba nguo. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kulivisha. Tuliokota majani makavu ya mgomba, yale yanayochakarika ukiyagusa, tukalizungushia mpaka likanenepa, tukalifunga kwa kamba za magome ya mgomba. Juu tulilivalisha mfuko mtupu wa mbolea ili mvua isilowanishe. Bibi alishika kila jani kwanza, na likiwa na unyevu alilitupa pembeni. Jioni aliacha koki ikidondosha maji taratibu kwenye ndoo, yasipate nafasi ya kutulia ndani na kuganda. Maji ya ndoo ile ndiyo yaliyopikia mtori wa asubuhi, na mpaka leo nikisikia tone linagonga ndoo nasikia harufu ya ndizi na nyama ikichemka.

Ikitokea yameganda hata hivyo, tulikatazwa kabisa kumwaga maji yaliyochemka. "Mtaliua," alisema. Tulifungua koki kwanza, tukaweka vitambaa vya maji ya uvuguvugu tukianzia upande wa koki na kupanda juu, kisha tukalisubiri jua. Jirani yetu, mama wa Kikatoliki ambaye bibi yangu Mlutheri alitaniana naye kila siku ya Mungu, aliketi na ndoo yake akisema Walutheri wanasali sana lakini maji yao hayatembei.

Nilikuwa darasa la nne baba alipopanda kuja na neno zito. Msimu wa nyuma bomba lilipasuka, bibi akaenda kuchota mtoni, akateleza, akavunjika mkono. Baba alikuwa na duka la spea za magari mjini, na tangu siku hiyo hakulala vizuri. Siku ile tulikuwa tumezunguka moto jikoni, tunakula kiburu, ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja.

"Mama, mwaka huu bomba likipasuka tena, unashuka na mimi mjini. Chumba kipo tayari."

Bibi alitafuna, akameza. "Na ng'ombe?"

"Tutamuuza."

Bibi alisukuma kuni motoni. Siku zote alikuwa akisema kwamba kukaa Moshi mjini ni kama kulala na blanketi jikoni, na nilijua tukimshusha ataishi kwa kutuvumilia tu. Nami nilikuwa na hofu yangu mwenyewe. Bila bibi kule juu hakuna likizo, hakuna moto wa kuota, hakuna mtu wa kuniita "mama yangu" huku akinipa utando wa maziwa. Chakula kilinishinda.

Baba hakuwa mtu wa kutisha tu akaondoka. Alivua shati, akasema mwaka huu atalivisha bomba yeye mwenyewe. Ila manyunyu ya siku zile yalikuwa yamelowesha majani yote makavu. Baba akachukua panga, akakata mgomba mbichi, akapasua shina kwa urefu, akalifunika bomba kwa vipande hivyo juu na chini na kuvifunga kwa mafundo ya kupendeza. Kusema kweli lilipendeza. Bibi alisimama ameweka mikono nyuma, akalitazama kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umefanya kazi nzuri, mwanangu," alisema.

Sasa, mtu yeyote wa kule anajua shina bichi la mgomba ni chakula cha ng'ombe. Kila siku tulimkatia ng'ombe wetu, na baba mwenyewe utoto wake wote aliumalizia kwenye kazi hiyo. Lakini miaka ya kuuza feni belti na plagi ilikuwa imelifuta hilo kichwani mwake.

Asubuhi niliamshwa na kelele za baba. Nyasi zilikuwa kijani kabisa, hakuna baridi ya maana. Ng'ombe alikuwa ametoka bandani, amesimama mwambani, ameshakula nusu ya kazi ya baba na bomba lenyewe amelitafuna likakatika. Maji yanaruka yanamlowesha mgongo, yeye anacheua tu. Baba yuko na fulana ya ndani, matope mpaka magotini, anavuta kamba.

Bibi alikuja polepole. "Baridi imefanya nini hapa?"

"Si baridi, Mama. Ni ng'ombe."

"Na huyu ng'ombe, nani kamwandalia?"

Jirani alikuwa amefika na ndoo yake. Ilibidi aigeuze aikalie, maana miguu ilikataa kwa kucheka.

Kufikia mchana baba alikuwa ameunga bomba. Kisha akaenda kwenye masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda mpakani, akachuma jani moja akamkabidhi mama yake kwa mikono miwili. Kwetu ukipewa jani la sale umeombwa msamaha, na kukataa huwezi. Bibi alilipokea haraka kuliko nilivyotegemea. Habari ya kuhama ikafa palepale, nami siku hiyo nilikula bakuli mbili za mtori.

Bibi aliishi kule mpaka mwisho, na amelala kihambani, kwenye shamba la ukoo, karibu na masale yale yale. Mwaka wake wa mwisho, tukichambua maharage sisi wawili, aliniambia bila kuinua macho: "Kamba ya ng'ombe niliilegeza mimi. Lile sale mimi ndiye niliyepaswa kumpa baba yako." Sikumwambia mtu.

Jumamosi baada ya kukausha sakafu yangu nilipanda juu. Baba alifunga duka zamani, siku hizi anaishi kule peke yake na ng'ombe mmoja. Jirani ametangulia, na hakuna anayekuja tena na ndoo, kila nyumba ina koki yake. Nyasi nyeupe wanangu hawajawahi kuziona. Nakumbuka uani pale palivyojaa vicheko vya watu wanaosubiri maji yayeyuke, na napatamani sana. Hata hivyo baridi haijaisha kabisa, msimu uliopita bomba la mwambani lilipasuka, na nilimkuta baba ameegemea fimbo akilitazama.

"Shikamoo, Baba. Mwaka huu likipasuka tena, unashuka na mimi," nilisema. "Chumba kipo tayari."

"Marahaba," alisema. Akaligusa bomba kwa ncha ya fimbo. "Basi livishe wewe, una mikono yenye nguvu."

Nikauliza majani makavu yako wapi.

"Yamelowa yote. Kata tu mgomba mbichi, mwanangu."

Alisema hivyo uso mkavu kabisa. Kisha akageuka akamtazama ng'ombe, na ng'ombe akamtazama yeye. Kumbe miaka yote hiyo alijua nani aliyelegeza kamba. Alijikongoja mpaka kwenye masale, akachuma jani moja, akanipa kwa mikono miwili, kabla kosa halijafanyika.

Nililipokea. Halafu nikaenda kutafuta panga.