Neno nililolikata kwa biki nyekundu

Mimi ni mutu wa hasira, na hasira yangu kubwa imekuwa siku zote juu ya maneno. Nilikuwa katibu wa revue ya chama chetu cha wasomi wa mawe, udongo na ziwa, hapa Goma. Revue yenyewe ni kitabu chembamba cha sayansi, na siku hizi inatoka kwenye internet tu. Kila makala ilipita kwanza mezani kwangu, na mimi nilikuwa na biki nyekundu. Mutu akiandika "pengine" pahali pa kusema alichopima, ninakata. Maprofesa wenye mvi walikuwa wananiogopa, na sitadanganya, nilipenda vile.

Makala ninayotaka kuisema ilihusu mazuku. Hapa kwetu hata mutoto mudogo anajua mazuku: hewa mbaya inayotoka chini ya mawe na kulala ndani ya mabonde madogo, bila rangi, bila harufu. Asubuhi mapema, kabla upepo haujaanza, mbuzi anashuka kula majani, anaanguka. Mutu vilevile. Mwandishi alikuwa mwanamuke mutafiti, mupole kuliko mimi. Alikuwa ametembea magharibi ya muji na kipimo chake, bonde kwa bonde, akachora karte, ramani yenye alama nyekundu kila pahali hewa ile inapolala.

Aliyemuonyesha mabonde ya kwanza alikuwa mama mumoja wa mutaa wa Mabanga, muuza sombe, majani ya muhogo, ambaye zamani alilima kule na akapoteza mbuzi wake wote kwa asubuhi moja. Yule mama alikuwa anafika biro yetu, ofisi ya revue, kila wiki, anakaa kwenye benchi, anauliza swali lilelile.

"Papa secrétaire, ile karte inatoka siku gani?"

"Bado, mama. Komite haijakaa."

"Dada yangu amekimbia vita, ametoka Kalengera na binti yake. Wanatafuta pahali pa kusimamisha hema kule magharibi. Mashimo ya shamba langu ninayajua, lakini kule wanakowapa nafasi sikujui. Na magoti yangu imekataa kutembea. Binti ana telefoni, ataangalia yeye mwenyewe."

Ningeweza kumutolea kopi moja palepale. Mashine ilikuwa nyuma yangu, na siku ile umeme ulikuwapo. Lakini kanuni ilisema makala isitoke nje kabla ya kupitishwa, na mimi njo nilikuwa mulinzi wa kanuni. Nilimuambia avumilie.

Komite ikakaa. Tulikuwa watu watano na termosi moja ya chai. Neno lilikuwa moja: makala ifungwe mwaka muzima, isomwe tu na wale waliojiandikisha, ao ifunguliwe kwa wote tangu siku ya kwanza, ile wanayoita libre accès. Mwenyekiti wetu, muzee aliyefundisha nusu ya wanajiolojia wa jimbo, alitaka ifungwe.

"Tukigawa kila kitu bure, nani atajiandikisha tena?" akauliza. "Revue itakufa, na nyinyi munaangalia."

"Muzee, watu wanalala juu ya hiki kitu!" nikapiga meza, chai ikamwagikia karatasi zake. "Tuwaambie warudi kuamuka mwaka kesho?"

Muzee alinuna, lakini tulipiga kura na tukashinda kwa kura moja. Nilirudi nyumbani kifua mbele. Nilimuambia muke wangu kwamba leo nimefanya kazi ya maana. Hata wimbo niliimba, mimi ambaye siimbi hata kanisani.

Kulikuwa kumebaki kitu kimoja kidogo. Musomi mumoja wa Ulaya, aliyepewa makala aichunguze kabla ya kutoka, alikuwa ameandika pembeni kwamba "mazuku" ni neno la imani za kienyeji, si neno la sayansi. Mutafiti wetu alikataa.

"Aka! Hilo njo jina lake. Nilikokwenda kote, hakuna mutu aliyeniambia jina lingine."

"Dada, hii ni sayansi, si soko la Virunga," nikamujibu.

Nikashika biki. Nilikata mazuku kwenye kichwa cha makala, nikakata ndani, nikakata chini ya karte, nikakata hata kwenye yale maneno ya mwisho yanayomusaidia musomaji kutafuta. Kila pahali niliweka émanations sèches de dioxyde de carbone, Kifaransa kirefu cha hewa ileile. Niliisoma kwa sauti nikaona imekuwa makala ya watu wazima. Mutafiti akasema "bon", akachukua mufuko wake, akaenda.

Makala ilipotoka, nilimupigia mama simu mimi mwenyewe, kwa furaha. "Imetoka, mama! Iko wazi, hakuna kulipa. Binti aingie kwa ukurasa wetu atafute." Jina la makala sikumupa. Kwa akili yangu, kitu kikishakuwa wazi, kimeshaonekana.

Mama akarudi biro siku nyingine, amefunga kitambaa cheusi. Hakukaa kwenye benchi. Nilifikiri anakuja kushukuru, Mungu wangu nisamehe, nikamuvutia kiti.

"Binti aliingia kwa ukurasa wenu, papa," akasema. "Akaandika mazuku. Ikamujibu aucun résultat, hakuna kitu. Akaandika tena, akiogopa amekosea. Ikamujibu vilevile. Tukasema asante Yesu, kule hakuna. Dada yangu akachagua pahali pa chini, penye kujikinga na upepo. Asubuhi binti alitoka kupanga bidon kwenye foleni ya maji. Kurudi, mama yake hakuamuka."

Nilifungua ile karte kwenye ordinateur, kompyuta ya biro. Mama aliinama karibu, akafuata barabara kwa kidole, akafika kanisa ya mbao, akashuka kidogo, akasimama juu ya alama nyekundu.

"Ni hapa," akasema. Halafu akanitazama. "Munaandika juu ya mazuku na hamuandiki mazuku? Muliogopa nini?"

Kama angenipiga kofi ningeshukuru. Niliona haya, na mpaka leo ninaiona ninapoandika hapa. Nilimuambia pole, na neno lile lilitoka dogo sana.

Makala ikishatoka haiguswi tena ovyo. Inabidi kuandika erratum, tangazo la kosa, na fomu yake inadai kutaja kosa ni la aina gani: la vipimo, la karte, ao typographie, yaani la kuchapa. Nilikwenda kwa muzee. Nilitaka kuandika ukweli, kwamba katibu alikata jina la kitu kwa majivuno. Muzee alivua miwani.

"Unataka watu waseme revue nzima ni ya hovyo? Andika typographie, tumalize."

Mimi mutu wa hasira, mimi wa kupiga meza, niliandika typographie.

Erratum imetoka, imerudisha neno mazuku, nayo pia iko wazi kwa wote. Ukiandika mazuku sasa, makala yetu inakuja ya kwanza. Mama alipiga simu siku ileile. Binti alikuwa amemuonyesha.

"Hapa chini wameandika typographie. Njo nini, papa?"

"Ni kosa la kuchapa, mama. Kidole kinateleza."

Nilisikia wateja wake wakiuliza sombe.

"Kidole cha nani?"

Nikamuambia sijui.