Dua Iliyofutwa Eldas

Mama yangu alifundisha Eldas, kaunti ya Wajir, mpaka alipostaafu akarudi nyumbani Kerugoya. Tulipomzika mwaka huu, maneno yaliyonigusa kuliko yote hayakutoka kanisani. Yaliandikwa na mwanafunzi wake wa zamani, sasa mwalimu katika shule ileile. Hapa nitamwita Mohamud, kwa sababu hataki jina lake liandikwe. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao aliandika: "Mwalimu aliyenifundisha kusoma amefariki. Nimemwombea Mungu amsamehe." Jamaa mmoja akamjibu kwamba Muislamu hamwombei msamaha mtu aliyekufa nje ya Uislamu. Mohamud akaandika: "Basi sijui rehema tunayoihubiri ni ya nani."

Mtu alilipiga picha jibu hilo peke yake, bila yale yaliyotangulia, akalisambaza. Muda si muda, kwa mujibu wa simu za watu, Mohamud alikuwa ametoka dini.

Alinipigia. "Ijumaa nitasimama msikitini nifute maneno yangu."

"Usifute. Kwani ulimtukana nani?"

"Walaal," akasema, yaani ndugu yangu, "wewe uko Kerugoya."

Nilisomea falsafa chuo kikuu, na uhuru wa kusema ndio niliouandikia tasnifu. Niliona ni wajibu wangu kwenda kumzuia.

Garissa, Jumatano. Tulipokaribia daraja la Tana, polisi walitushusha basini kukagua vitambulisho. Changu hakikusomwa. "Wewe ni wa huko kwetu, rudi ukae," askari akaniambia. Nyuma yangu mzee wa Kisomali aliulizwa babu yake alizaliwa wapi. Alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha jibu swali hilo maisha yake yote. Nilitaka kumuuliza askari babu yake mwenyewe alizaliwa wapi. Nilirudi nikakaa.

Barabara ya Wajir, Alhamisi. Nilikaa na Halima, mwanamke mfanyabiashara wa vitambaa, mcheshi na mwenye sauti kubwa.

"Wewe Mkristo?"

"Mimi si chochote."

"Si chochote!" Akawatangazia abiria kwa Kisomali kwamba amekaa na mtu ambaye hayupo, na basi zima likacheka. Kisomali changu ni cha likizo za utotoni Eldas, lakini hilo nililielewa. Kisha akapunguza sauti. "Sasa sikia. Wale watu ya bunduki wakisimamisha gari, wataambia wewe usome shahada. Jifunze."

"Siwezi kusema nisichokiamini."

"Kwani wao watafungua roho yako waangalie? Sema tu, mama yako afurahi."

"Mama yangu amekufa."

"Bole, bole sana." Kwake p ilikuwa b. "Basi sema, asishtuke kukuona huko mabema hivyo."

Nilicheka bila kutaka. Modogashe ilipita, Habaswein ikaja, vumbi likiingia kila mahali, na Halima akinisahihisha herufi kwa herufi. Niliikariri shahada kama mtu anayekariri namba ya siri ya benki. Yeye hakuona kosa lolote katika kuyasema maneno hayo bila kuyaamini, mradi mtu afike salama. Mimi niliona aibu.

Eldas, jioni. Kutoka Wajir nilipata pikapu iliyobeba unga. Mohamud alinipokea nyumbani kwa baba yake mdogo, Adeer Yusuf, ambaye ndiye aliyemlea. Mohamud alikuwa amekonda. Duka la Adeer lilikuwa pale mbele ya nyumba, mlango umefungwa mchana kutwa. Hakuna aliyeamuru ufungwe. Watu waliacha tu kununua. Posa ya binti wa Adeer nayo ilikuwa imesimamishwa na upande wa pili "mpaka mambo yaeleweke." Kwao mtu akikosea, hawamwiti yeye tu, wanauita ukoo wake. Adeer ndiye aliyeitwa msikitini kwanza, akaambiwa amlete mtoto wake.

"Lakini alimwombea mwalimu tu," nikasema. "Hata wewe unamjua mama yangu."

"Namjua. Watoto yangu wote amefundisha."

"Basi waambie watu hivyo! Mtu ana haki ya kusema."

"Mtu," akarudia. Alinimiminia chai ya maziwa ya ngamia. "Hiyo haki yako ni ya mtu mmoja. Hapa mtu mmoja iko wabi? Kesho wewe utabanda gari. Sisi tutabaki."

Mohamud alikuwa ameinama, akichezea kikombe. Nilimwambia mbele ya Adeer kwamba nimekuja kumwomba asifute. Akainuka kuosha kikombe.

Ijumaa, baada ya sala. Nilikaa kwenye ngazi za duka lililofungwa. Kipaza sauti cha msikiti kilileta kila neno. Kwanza Mohamud alisoma shahada, ileile niliyofundishwa kwenye basi, kama mtu anayeingia dini leo. Kisha akasema alikosea kuandika kuhusu rehema. Nilidhani yameisha.

"Na ile dua?" sauti ya sheikh ikauliza.

Kipaza sauti kikavuma. Sheikh akarudia.

"Ile dua uliyomwombea mwalimu?"

"Nimeifuta," Mohamud akasema.

Watu walitoka wakimkumbatia. Adeer akafungua duka, na kabla sijasimama vizuri walishajaa mlangoni wakinunua sukari na mchele. Kijana mmoja, ambaye Mohamud alikuwa amenionyesha kuwa ndiye aliyesambaza ile picha, alinunua majani ya chai na kumsalimu Adeer kwa mikono miwili.

Sheikh alisimama mbele yangu. "Wewe mtoto ya mwalimu? Bole sana. Mama yako alikuwa mtu mzuri."

"Kama alikuwa mzuri, kumwombea kulikuwa kosa gani?"

"Kumsifu, ruhusa. Kumwombea msamaha baada ya kufa, hakuna ruhusa. Si mimi nimetunga."

"Na kuuliza kwa nini?"

"Uliza. Kuja nyumbani, kaa, uliza. Si kwa simu."

"Na nisiporidhika na jibu?"

Aliwatazama vijana waliokuwa dukani, akashusha sauti. "Hao fijana walitaka damu. Mimi nimewaba maneno. Wewe ungewaba nini?"

"Ningesema aachwe."

"Hiyo haikuwepo," akasema, akaenda zake.

Nilimchukia kwa sababu nilimwamini.

Jumamosi, safari ya kurudi. Mohamud alinisindikiza hadi kwenye gari nje ya mji. Tulikuwa wawili tu, mchanga pande zote, hata mbuzi hakuna.

"Uliifuta kweli?" nikamuuliza.

"Usiniulize."

"Hakuna anayetusikia."

"Ukiniuliza nitakujibu nilivyojibu msikitini." Akaniwekea begi garini. "Ufike salama, walaal."

Kerugoya, Jumapili. Jamaa walikuwa wamekusanyika nyumbani kwa maombi ya familia na chakula. Nilimsimulia mchungaji yote, nikamwomba amtaje Mohamud katika maombi, kama yeye alivyomwombea mama.

"Tutamwombea," akasema. "Aokoke."

Nilisimama nikasema mbele ya wote kwamba dua ya yule Muislamu ilikuwa na thamani kuliko mahubiri yote ya mazishi, na kwamba mungu wa mchungaji na wa sheikh wote wawili wana mlango mwembamba kuliko moyo wa Mohamud. Kisha shangazi akasema, "Safari imemchosha huyu," akaniongezea mukimo sahanini. Mchungaji alitabasamu, akaomba chumvi.

Kule Eldas sentensi ya Mohamud ilifunga duka na kusimamisha posa. Huku nasema nitakalo, watu wanaendelea kutafuna. Hadi safari hii, nilikuwa nikiita hali hiyo uhuru.