Nilivyoisikia Vibaya Sauti ya Dada Veronika

Ipo siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: siku niliyomfungia mlango dada yangu wa tumbo moja.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi hapa Morogoro mjini kilikuwa kimebinafsishwa, na mwekezaji alipoingia wengi wetu tukapunguzwa. Nikapanda zangu Uluguru, nikakaa peke yangu kwenye nyumba aliyotuachia mama. Wenzangu walihangaika: huyu akauza mitumba, yule akaenda Dakawa kulima mpunga. Mimi nililala. Kabichi zilioza shambani huku naziangalia.

Kilichoniumiza zaidi ni sauti za watu. Jirani akinijulia hali, nilisikia dhihaka. Wanawake wakiteremka na mboga kwenda sokoni, wakicheka yao, niliamini wananicheka mimi. Nikaacha hata kwenda kanisani.

Dada Veronika, mkubwa wangu, alikuwa na genge la vitunguu Dumila. Simu hatukuwa nazo, na kuandika hakuweza vizuri, basi akarekodi maneno yake kwenye kaseti, akampa mtu aniletee. Nikaitia kwenye redio yangu ndogo.

"Mdogo wangu, njoo tukae wote. Kitanda kipo. Usipokuja, nakuja mwenyewe kukuchukua."

Maneno ni hayo tu. Lakini mimi nilisikia mtu mkali, mwenye majivuno, anayenionyesha kwamba yeye anacho kitanda na mimi sina kitu. Nikaizima.

Baada ya wiki mbili akaja kweli, asubuhi, kapanda kwa miguu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilimwona dirishani, nikatia komeo.

"Agnesi, fungua. Ni mimi."

"Umekuja kunicheka. Nenda zako!"

"Nikucheke nini, mdogo wangu? Fungua basi nikuone tu."

"Mimi sina dada!"

Alikaa pale nje mpaka jua likawa kali, kisha nikasikia hatua zake zikishuka. Nilipofungua nikakuta ameniachia mchele, umefungwa kwenye khanga yake.

Malaria ndiyo iliyonitoa ndani. Muuguzi wa zahanati ya misheni aliona nguo zinavyonipwaya, akanipeleka mwenyewe hospitali ya mjini. Huko daktari, mzee mpole, aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Watu wakisema nawe, unawasikiaje?"

"Wote wananigombeza, daktari."

"Masikio yako ni mazima, binti. Unaumwa huzuni, na huzuni ikizidi, ubongo hupokea sauti za watu vibaya. Ya upole unaisikia kali. Ya furaha haikufikii kabisa."

Siku hizi ugonjwa huo wanauita sonona. Nilitumia dawa miezi mingi, na yule muuguzi akawa ananiita kila wiki tuzungumze. Mchana mmoja nikaichukua tena ile kaseti. Mwanangu, sauti ilikuwa inatetemeka! Dada alikuwa anajizuia kulia. Alipotamka "mdogo wangu" alisita kwanza, akameza mate. Kaseti ilikuwa ileile.

Nikaenda Dumila. Alinipokea, akanipa kile kitanda. Nilimweleza kuwa nilikuwa mgonjwa, naye akaelewa. Ila utani wetu wa utotoni haukurudi. Kwa miaka mingi alipima kila neno kabla ya kunitamkia, kwa kuwa alishajifunza kuniogopa. Tulilala chumba kimoja, kila mtu na upweke wake.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu. Ukiona watu wote wanaokupenda wameanza kukusemesha kwa ukali, tena kwa wakati mmoja, usiwajibu kwanza. Mtafute mmoja umwambie, "Nakusikia kama unanigombeza, ni kweli?" Kisha nenda hospitali bila aibu, kama unavyokwenda ukiwa na homa. Na ukitukanwa na ndugu aliyejifungia na huzuni yake, usiyabebe maneno yake moyoni. Rudi tena kesho.

Mungu akujalie kuusikia upendo unaposema nawe. Na siku utakaposhindwa kuusikia, akupe mtu wa kukaa nawe mpaka uusikie.