Asubuhi Niliyoingia Ukweni kwa Mbio

Watu hudhani mkimbiaji akizeeka huchoka miguu. Miguu yangu haikunisumbua sana. Kilichonichosha ni maswali. Miaka ile ya ruksa, wakati kila mwenye meza na shuka la kutandika chini alikuwa mfanyabiashara, mimi nilikuwa tayari nimeitwa babu, na kila niliyekutana naye pale Ikungi alitaka kujua nakimbilia nini. Nikisema sikimbilii kitu, naona uso wa mtu ukinihurumia.

Zamani hawakuniuliza. Nilikuwa mtunza ghala wa shirika la umma, na mashirika yalikuwa na timu zao: mpira, netiboli, kuvuta kamba, riadha. Mimi nilikuwa riadha. Meneja alikuwa akinipa ruhusa ya mazoezi kabla hata sijaiomba, na nikirudi na kikombe tunapikiwa pilau. Halafu hewa ikabadilika. Shirika likaanza kusuasua, mishahara ikachelewa, mwisho tukakusanywa uwanjani tukaambiwa tumepunguzwa. Ghala nililolifagia kwa mikono yangu likachukuliwa na mnunuzi wa alizeti. Kikombe kilibaki ofisini, sijui nani anakinywea chai.

Nikarudi Ikungi, barabara kuu ya Dodoma, kwenye kiwanja cha baba yangu. Nilikuwa na mke, kuku, shamba la alizeti nyuma ya nyumba, na miguu. Kuku walikuwa wa mke wangu na shamba tulilima wote. Miguu ndiyo ilikuwa yangu peke yangu, kwa hiyo nikaendelea kuitumia.

Sasa kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia alfajiri, ama ng'ombe wameibwa, ama kuna mtu amefariki na yeye ndiye aliyetumwa kupeleka habari. Na anayepeleka habari ya msiba hasimami njiani kusalimia. Ukimwona anakupita mbio, kimya, macho mbele, unaanza kuwapitisha wagonjwa wako moyoni mmoja mmoja. Mwanzoni sikulijali hilo, nikawa napita tu, mpaka nikasikia kuna mama alikaa chini kando ya kisima chake akakataa kuteka maji, akisubiri kuambiwa ni nani amefariki.

Basi nikajifunza kusimama. Nikimkuta mzee, nasimama, natoa shikamoo, nangoja aulize ya nyumbani, ya mvua, ya ng'ombe nisio nao. Nikikutana na vijana wananipa shikamoo, nami naitikia marahaba kwa pumzi isiyotosha. Nikiondoka tena magoti yamekwisha kupoa. Sijui mwanariadha gani mwingine duniani alifanya mazoezi ya namna hiyo. Mkimbiaji mwenzangu wa zamani alinicheka, akasema hayo si mazoezi, ni ziara ya diwani.

Nyumbani kulikuwa na vita vyake, vya pole pole. Mke wangu si mtu wa kugomba. Alinipinga kwa vitendo. Bukta yangu ikifuliwa ilianikwa juu ya miiba, hata siku ambayo kamba ilikuwa tupu. Nikijinyoosha misuli kwa kuusukuma ukuta wa jiko, udongo ulibanduka, naye alikuja na bakuli la tope akaziba ufa huku mimi bado nimeegemea. Siku moja aliniachia sufuria ya uji wa uwele nikoroge, mimi nikawa nazungusha nyonga kama tulivyofundishwa na kocha, uji ukaungua mpaka majirani wakajua. Tuliunywa hivyo hivyo. Alisema tu kwamba moshi nao ni mboga.

Lililonikera zaidi ni la viatu. Nilikuwa nimepata mjini Singida viatu vya mtumba, soli nene, vya mzungu fulani aliyevichoka kabla havijachoka. Nilikuwa naviweka kwenye tenga bovu chini ya kihenge. Kurudi kutoka msibani Mgori nikakuta kuku amelichagua tenga lile, amekaa juu ya mayai, na viatu viko chini yake. Mke wangu akaniambia kuku anayeatamia hahamishwi, ukimhamisha anasusa. Na wachuuzi wa kuku walikuwa wakipita kila wiki wakijaza malori kwenda Dar es Salaam, kwa hiyo katika nyumba ile kuku alikuwa na sauti kuliko mimi. Nikakimbia na katambuga za matairi mpaka vifaranga walipototolewa. Vidole vilinitoka damu, na nilikasirika kweli.

Nayasema haya ili ieleweke kwamba mbio nzuri zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa vumbi la malori, upepo wa kifuani, na salamu. Lakini asubuhi hiyo ninayoikumbuka ilikuwa kipupwe, viatu vilikuwa vimerudi miguuni, upepo ulikuwa mgongoni, na barabara haikuwa na mtu. Kwa kawaida niligeuzia kwenye mawe makubwa yaliyo nje ya mji. Siku hiyo nilifika kwenye mawe nikaona sina sababu ya kugeuka. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka yenyewe. Nilisahau kwamba mimi ni mtu aliyepunguzwa. Nikaendelea, jua likapanda, na nilipokuja kutambua nilipo, nilikuwa nakaribia Issuna.

Issuna ni ukweni kwangu. Hapo ndipo kiu iliponishika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa na kibanda cha sabuni na chumvi pale sokoni, nikawaza nitamwomba maji, nipumzike, nipande lori la kurudi. Kibanda kilikuwa kimefungwa. Jirani yake akasema labda bado yuko nyumbani. Nyumbani kwake ni kwa mama mkwe, na mkwe haendi mbele ya mama mkwe na bukta, mapaja nje. Hilo nilijua vizuri. Nikapanga kupita nyuma, upande wa zizi, nimwite shemeji kwa sauti ya chini.

Lakini mkimbiaji ana ugonjwa mmoja. Akiuona mwisho, anaongeza mwendo. Anaweza kuwa amejikongoja njia nzima, ila akiona utepe, miguu haimsikilizi. Mimi niliona bati la nyumba ile liking'aa, nikafyatuka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nilipokata kona ya zizi kwa kasi yangu yote, nikamkuta mama mkwe mwenyewe yuko uani anaanika uwele kwenye mkeka.

Aliniona jinsi nilivyokuwa: mkwe wake, asubuhi, mbio kutoka Ikungi, nguo hata hakuwahi kuvaa vizuri. Aliinuka na uwele mkononi. Akaniuliza kwa Kinyaturu, neno moja tu: nani? Nami sikuwa na pumzi. Mdomo ulikuwa wazi, sauti haitoki. Nikainua mkono kumwambia angoje kidogo.

Mkono ule ndio ulimaliza kila kitu. Mama mkwe aliweka mikono kichwani, akaketi chini juu ya uwele wake, akaanza kumlilia binti yake. Nilipopata pumzi ya kusema ni mzima, hakuna aliyesikia. Majirani walikuwa wamekwisha ingia, na kilio kikishapokewa na wanawake watatu, mwanamume mmoja hawezi kukizima. Nilisema mzima, mzima, nao walidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu. Bibi mmoja alinishika bega akanibembeleza. Mtu akanirushia shuka nifunike mapaja.

Shemeji kumbe alikuwa shambani. Alikisikia kilio akaja, mlangoni akaambiwa dada yako, hakungoja kuingia. Alifanya kinachofanywa na mtu mwenye akili kwenye msiba: alikimbilia barabarani, akasimamisha lori la kwanza, akamtuma utingo ampelekee habari mdogo wao wa kike aliyeolewa pale Ikungi karibu na soko. Aliporudi uani na kunikuta nimeshikilia shuka naapa kwamba mke wangu nimemwacha anachambua mboga, lori lilikuwa limekwisha potea katika vumbi. Kulikimbiza hata mimi nisingeweza.

Yaliyotokea Ikungi sikuyaona. Nilisimuliwa, kila mtu kwa namna yake. Shemeji yangu wa kike alipata habari, akajifunga kanga kiunoni, akawakusanya wanawake wa jirani, wakaja kwangu wanalia njia nzima. Mke wangu alikuwa uani. Alisikia kilio kinakuja kutoka barabarani, akaona kinakata kona kuja kwake, akamwona mdogo wake yuko mbele. Nami nilikuwa nimetoka kabla ya jua na sikuwa nimerudi.

Hakuuliza. Walikuja kumlilia yeye, wakamkuta ameanguka chini ananililia mimi. Wanasema mdogo wake alimwona marehemu analia akageuka akakimbia, na wenzake wakamfuata, na mke wangu akabaki peke yake uani akidhani hata waombolezaji wamemkimbia. Watu waliisimulia hadithi hiyo sokoni kwa muda mrefu, na walicheka mpaka wakajifuta machozi. Mimi pia nilijaribu kuicheka.

Habari kwamba mimi ni mzima ilimfikia jioni kwa lori jingine, na kesho yake ilibidi aje Issuna. Kwetu mtu akililiwa akiwa hai haachwi hivyo hivyo. Anarudi kwenye nyumba alikoliliwa, watu wamwone, kondoo anachinjwa, naye anakula hapo mbele ya mama yake. Kondoo alinunuliwa kwa gharama yangu, na hilo lilikuwa haki. Mama mkwe alimshika mke wangu mikono yote miwili, kuanzia vidole mpaka mabegani, kama anayekagua nguo iliyotoka kwa fundi, akamlisha maini kwa mkono wake. Mimi hakunitazama. Nilikuwa nimevaa suruali ya harusi ya mtu mwingine.

Baada ya kula, wazee wakakaa na mimi. Mkubwa wao alisema kwa upole kwamba kondoo ameondoa mkosi, lakini mbio zenyewe bado zipo. Alisema hakuna asiyejua nilikuwa nani zamani, ila kila jambo na umri wake, na mtu akitaka jasho, jembe linalo la kutosha. Wakanitaka niseme.

Nilisema. Nilikuwa nimeyatayarisha usiku kucha maneno yangu. Niliwaambia sinywi pombe, sina nyumba ndogo, sikopi watu. Niliwaambia kazi ilichukuliwa, ghala likachukuliwa, watoto wamejitawanya mijini, na kitu pekee ambacho hakuna aliyekuja kunisomea tangazo kwamba kimepunguzwa ni hiki. Wakininyima hiki, wanibakishie nini? Niliona wazee wawili wakitazama chini, nikajua nimewagusa. Kisha mkubwa wao akasema tumsikie mwenye nyumba, maana yeye ndiye aliyefiwa na ndiye aliyekufa. Watu wakacheka kidogo.

Nilijua atakachosema. Ya bukta, ya ukuta, ya uji. Nilikuwa na jibu la kila moja.

Mke wangu hakusimama. Alisema kwa sauti ya kawaida, anatazama mikono yake.

"Wazee wangu, sina neno na mbio zake. Tangu tulipooana anakimbia. Ila siku hizi ana umri, na malori yamekuwa mengi. Akitoka alfajiri, mimi sirudi kulala. Naisikiliza barabara. Nikisikia hatua za mtu anakuja mbio, sijui kama ni yeye anarudi, au ni mtu ametumwa kuja kuniambia juu yake. Hatua zinafanana. Naweka chini nilichoshika, nangoja mpaka nione uso. Kila siku, wazee wangu. Jana walipokuja wanalia, nilisema moyoni, haya, leo ndiyo leo. Nimechoka."

Miaka yote hiyo nilisimama barabarani kuwasalimia watu nisiowajua, ili wasiogope.

Wazee hawakuamua kitu. Walinitazama, nami nikasema nimesikia, tukarudi Ikungi kwa lori, yeye mbele na dereva, mimi nyuma juu ya magunia.

Siku hizi nakimbia kulizunguka shamba la alizeti nyuma ya nyumba. Sitasema napenda. Ni kona zile zile, upepo ule ule unanipiga mahali pale pale, na nachoka huko kuliko nilivyowahi kuchoka barabarani. Hakuna mbio nzuri katika kuzunguka. Mara nyingine naacha katikati nakaa juu ya tuta, sina hamu, nasikia hatua zangu zimenyamaza na mwiko wake jikoni nao umenyamaza.

"Baba?" anaita.

"Nipo," namjibu, na mwiko unaanza tena.